Ulimbo Ndani ya Mashine

Kila asubuhi kabla ya shule Mbarka alimpelekea baba yake mkate na harisa, rojo la pilipili, kwenye kinu cha zeituni cha Haji Tahari, nje kidogo ya Sfax. Baba yake, Amari, ndiye aliyeendesha mashine ya kukamua. Msimu ulikuwa umepamba moto, na magunia ya wakulima yalifika mpaka barabarani.

Lakini mashine ilikuwa na vituko. Asubuhi, chuma kikiwa baridi, Baba alivuta mkono wa mashine nayo ikakataa kushuka. Kufika adhuhuri, ikishapata joto, ilikamua kana kwamba haijawahi kugoma. Baba alichota kwenye gilasi mafuta ya tangini yanayoisukuma mashine, akayainua juani kama wapimavyo mafuta ya zeituni. Yaling'aa. Mafuta safi, mashine mbovu! Mbarka hakuelewa, wala Baba hakuelewa.

Haji Tahari alijifanya anaelewa. Aliwaambia wakulima kwamba Amari anachelewesha kazi makusudi ili aongezwe mshahara, na kwamba fundi aliyeitwa kuikagua mashine asipoona ubovu, Amari ataondoka siku hiyohiyo. Kulaumu wengine ndiyo desturi yake. Hata dari ya ghala ilipoanguka, kosa lilikuwa la mpagazi.

"Amari, mashine yako inalala kuliko mkwe wangu," mkulima mmoja alitania. Zeituni zake zilikuwa zinaoza.

Mbarka hakucheka. Mwanzo wa msimu, Baba akiwa anaswali, Haji alimpa Mbarka ndoo ya mafuta ya zeituni yaliyochacha, akamwambia ayamimine kwenye tangi la mashine lililopungukiwa mafuta. Mafuta ni mafuta, alisema. Si tunatibia masikio na kulainishia bawaba? Sasa Haji huyohuyo anaapa hajui lolote. Au Mbarka aliota? Mtu mzima, tena aliyehiji, angesema uongo mchana kweupe?

Fundi Fauzi alipofika, alifungua vali za mashine. Ndani kulikuwa na utando wa kahawia, mgumu kama vanishi ya mlango.

"Huu ni ulimbo wa mafuta yaliyoharibika," alisema. "Yakipata moto unayeyuka, kwenye gilasi huoni kitu. Yakipoa usiku unaganda kwenye chuma. Nani ametia kitu humu?"

"Muulize mwendeshaji," Haji akajibu.

Mbarka akasogea mbele. "Haji, si wewe ulinipa ile ndoo?"

"Mtoto huyu amechanganyikiwa."

"Nimechanganyikiwa kweli, Haji. Sijui kwa nini unasema hukunipa."

Kisha yule mkulima mwenye mkwe akakiri kwamba aliiona ndoo mkononi mwa Haji, akaogopa kuuliza.

Haji alitaka mafuta yabadilishwe tu, kazi iendelee. Fauzi akakataa, kwani ulimbo ungeyaharibu na hayo mapya. Alimwaga yote, akasugua vali, akazungusha mafuta ya kusafishia yenye moto kwenye chujio laini mpaka ulimbo ukaisha, ndipo akatia mapya. Kesho yake, kukiwa na baridi kali, Baba alivuta mkono na mashine ikashuka.

"Bado sielewi kwa nini alidanganya," Mbarka alisema.

"Ulimimina bila kuniuliza, usirudie," Baba alimjibu. "Lakini jana wakubwa walinyamaza, wewe ukasema. Mwanangu, wenye mali wakificha kosa, anayelipa ni aliyeshika mkono wa mashine. Wakikuambia umechanganyikiwa, uliza tena, na uulize mbele za watu."