Siku Tisini za Lorine

Siku ya mwisho ya kufaili ritani za kodi, Kayole nzima hukumbuka kwa pamoja kwamba kuna serikali. Foleni ya saiba ya Kweyu ilikuwa imetoka mlangoni, ikampita muuza mitumba, ikapinda kona kwa mama chapati. Ndani kulikuwa na joto la kompyuta nane na makwapa ishirini. Kweyu mwenyewe, shati jeupe limepigwa pasi mpaka kola inakata, alichapa kwa vidole viwili kwa kasi ya kumi.

"Anayefuata! PIN, kitambulisho, na usilie, hatujafika hapo bado."

Aliyefuata hakulia. Alivaa gauni la manjano, raba nyeupe ambazo vumbi la Spine Road lilikuwa halijazizoea, na manukato yaliyoinyamazisha foleni.

"Mimi sifaili," alisema. "Nataka kuuliza kuhusu gari."

"Madam, watu arobaini nyuma yako watakuuliza wewe."

"Basi jibu haraka. Naitwa Lorine. Kwetu ni hapo mtaa wa Tena, lakini ni nesi Uingereza, huu mwaka wa sita. Nikirudi nyumbani kabisa, naweza kuja na gari langu bila kulipa ushuru?"

Kweyu aliinua macho, na hapo vidole vikakwama. Kabla ya saiba alikuwa karani wa wakala wa forodha. Ukitaja makaratasi ya gari Kayole, unamtaja yeye.

"Usukani uko upande gani?"

"Kulia. Na wewe macho yako yarudishe mbele."

Foleni ikacheka.

"Umri?"

"Wangu ama wa gari?"

"Gari. Wako nitauliza nikifunga."

"Miaka minne."

"Sawa, lisifike minane. Liwe kwa jina lako, uwe umelitumia huko mwaka mzima, na likaguliwe kabla halijapanda meli. Wewe nawe uwe umeishi nje miaka miwili, na katika miaka hiyo miwili, siku ulizokuja Kenya, ukizijumlisha zote, zisipite tisini."

"Tisini! Nani atakaa huku siku tisini?"

"Hujapata sababu tu."

Alimwandikia masharti yote kwenye karatasi, na chini yake namba ya simu yake, ambayo hakuna sheria iliyoitaka.

Sababu ikapatikana. Likizo ile iliishia kwenye vibanda vya samaki wa kukaanga vya Umoja, Lorine akimtoa mwiba Kweyu kama anayemtoa mgonjwa risasi. Desemba akarudi. Aprili akarudi tena, safari hii kwa sababu figo za mama yake ziligoma, na mama akaanza kupelekwa kusafishwa damu kila Jumanne na Ijumaa, akienda juu ya pikipiki, akirudi amelegea kama kitambaa cha kufutia meza. Hapo gari likaacha kuwa fahari. Lile Honda dogo la kijivu likawa ndilo litakalombeba mama, na Lorine aliapa kwamba Machi, kibali chake cha kazi kitakapoisha, watarudi pamoja, yeye na gari. Ushuru kamili hakuuweza. Bila msamaha, gari lingebaki ng'ambo.

Kati ya safari na safari kulikuwa na simu.

"Umekula nini, daktari wangu?"

"Mimi ni nesi, Kweyu."

"Kwangu umepandishwa cheo."

"Na mshahara?"

"Utaingia kwa busu. Angalia kama umefika."

Wazee wakapanga siku ya posa: Jumamosi ya pili ya Desemba, nyumbani kwa mama, Tena. Lorine akanunua tiketi ya wiki mbili. Kisha Kweyu, akiandaa faili la msamaha, akafungua picha za mihuri ya pasipoti aliyotumiwa. Akahesabu. Akanywa maji. Akahesabu tena kwa kalenda ya ukutani, kidole kimoja kimoja, kama mtoto wa nasari. Akapiga simu.

"Mpenzi, Desemba usije."

"Sema tena."

"Umeshakaa siku themanini na sita. Zimebaki nne."

"Mimi nimehesabu sitini na moja!"

"Umehesabu siku za likizo kazini. Forodha huhesabu mpaka Jumapili uliyolala."

"Kwa hivyo nikose posa yangu kwa sababu ya gari."

"Kwa sababu ya mama."

"Usijifiche nyuma ya mama yangu!"

Kweyu hakujua kwamba asubuhi ile Kate, binamu ya Lorine anayeishi Tassia, alikuwa amepiga kabla yake. Kate ni mtu akiona moshi, huenda kuutafutia kuni. "Dada," alisema, "wanaume wa huku wanapenda mizigo ya watu wa majuu. Mjaribu. Muulize namba ya injini ya gari lako."

"Kweyu," Lorine aliuliza, sauti imeshuka, "namba ya injini ya gari langu ni ipi?"

Maskini, alifurahi kuulizwa kitu anachokijua. Akaitaja yote kwa kichwa, herufi na tarakimu, bila kupumua.

"Vizuri. Na siku yangu ya kuzaliwa?"

Kweyu akaigeukia kalenda ya ukutani.

"Ni... Februari?"

"Ilikuwa juzi."

Simu ikakatika. Wiki tatu hakuishika tena. Ujumbe ulikuja mmoja tu: *Tiketi nimerudisha. Usijipe cheo, ni kwa ajili ya mama.*

Kweyu akakonda mpaka mkanda ukahitaji tundu jipya. Ijumaa, siku moja kabla ya posa, mjomba wake Andati, msemaji wa upande wao, akamuuliza, "Tunaenda ama tunaaibika?"

"Mama yake hajasema tusije."

"Unajua lazima binti aulizwe. Asipokubali, hakuna anayekula."

"Najua, mjomba."

"Na simu yako hashiki."

"Najua, mjomba."

Wakaenda. Sebule ya Tena ilijaa suti, vitenge na jasho. Kweyu alikaa katikati ya wazee wake, tai ya buluu imemkaba kama deni la dhambi. Mama Lorine alikuwa jikoni, maana mila ya Waluhya haitaki mkwe na mama mkwe wakae wakitazamana. Kuku walikuwa mezani, wamefunikwa, na hakuna mkono uliosogea.

"Piga," Mjomba Nabiswa, kaka wa mama Lorine, alimwambia Kate. Kate, katika kitenge chekundu, akapiga. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikakatika. Andati akaanza kutafuta kofia yake.

Mara ya tatu, Lorine akatokea kwenye kioo cha simu, ndani ya sare ya buluu ya wodini, macho mekundu.

"Binti yangu," alisema Nabiswa, "kuna watu wamekalia viti vyetu. Unawajua? Tule nao ama tuwaonyeshe mlango?"

"Mjomba, wazee nawajua. Huyo wa tai ndiye nina shaka naye. Muulizeni mbele yenu: amefuata mke, ama gari?"

Sebule ikawa baridi. Kweyu akasimama.

"Lori—"

"Usiniite Lori. Lori hubeba mchanga."

"Lorine. Siku yako niliisahau. Hilo ni kosa, na halina fomu ya kulifuta. Lakini gari..." Akawatazama wazee. "Wazee, nitasema jambo ambalo hata kwetu hawalijui. Mimi sijui kuendesha gari."

"Ati nini?" Andati aligeuka.

"Nilijaribu mara moja, pikapu yako, mjomba. Ile siku iliingia kibanda cha mboga."

"Uliniambia breki zilikatika!"

"Hazikukatika. Tangu hapo nikigusa usukani mikono inatetemeka. Nimejaza makaratasi ya magari ya Kayole yote na sijawahi kupeleka hata moja mpaka kituo cha petroli. Gari lako nitalifanyia nini, Lorine? Nililinda zile siku kwa sababu Jumanne na Ijumaa huwa ninamwona mama yako akishuka pikipiki. Ukitaka kuja leo, njoo. Gari libaki huko. Mimi nakutaka wewe."

Kutoka jikoni, sufuria ilianguka. Hakuna aliyeiokota.

Kwenye kioo Lorine alikuwa ameziba mdomo. Mabega yalitikisika, na Kate hakujua kama ni kilio. Kisha kicheko kikapasuka, kirefu, kimechanganyika na machozi.

"Mwaka na nusu unanielekeza mambo ya magari, kumbe wewe ni abiria!"

"Ni abiria."

"Machi nitalichukua Mombasa mwenyewe. Utakaa kando, mkanda umefungwa, na usinifunze kitu."

"Nitanyamaza mpaka Mlolongo, tukikaribia mji."

"Mpaka Tena, Kweyu."

"Mpaka Tena, daktari wangu."

"Mjomba," Lorine alisema akifuta mashavu, "hawa watu nawajua. Kuleni."

Vigelegele vikaanzia jikoni. Mjomba Nabiswa akafunua kuku, akachagua firigisi, ile ambayo katika nyumba ile hakuna mwingine aliyewahi kuila, akaitazama kwa huzuni ya kweli, kisha akaiweka kwenye sahani ya Kweyu.