Barua Ambayo Hutaisoma

Uwamariya hakuwa mtu wa kusaini ovyo. Shule ilipotuma karatasi ya kumruhusu mwanawe Pacifique kwenda kuona wanyama, aliisoma mara tatu. Kisha akapiga simu kuuliza basi litaendeshwa na nani. Mumewe Habimana alimcheka, lakini naye alikuwa hivyo hivyo. Mlango wao huko Fridley, ughaibuni, ulikuwa na kufuli mbili, na Habimana alikuwa ameongeza ya tatu.

Habimana alifanya kazi kwenye ghala kubwa la Shakopee. Uwamariya alifanya kazi Saint Paul, katika shirika dogo lisilo la faida. Shirika la namna hiyo halina mwenye mali wa kugawiwa faida. Kinachopatikana kinarudi kwenye kazi, na kazi yao ilikuwa kuwapokea wakimbizi wapya. Uwamariya aliwapeleka hospitali, aliwajazia fomu, aliwaonyesha basi la kupanda. Aliifanya kwa moyo, maana naye alipokewa hivyo hivyo alipotoka kambini, akitetemeka kwa baridi.

Shirika lilikuwa na darasa la Kiingereza la akina mama. Uwamariya alilianzisha na mwenzake aitwaye Joan, wakalifundisha miaka mitatu. Mwaka jana wafadhili waliuliza swali moja tu: darasa hili limebadilisha nini? Uwamariya alijua. Alimjua mama aliyekuwa haendi hata dukani peke yake, na sasa alikuwa akienda kazini kwa treni. Lakini wafadhili walitaka takwimu, na hakuna aliyekuwa amezikusanya. Darasa likafungwa. Joan akaenda kufanya kazi shirika jingine, na Uwamariya akajifungia chooni ofisini, akalia mpaka akachoka. Alipotoka alikuwa amekasirika.

"Nitasoma," alimwambia mumewe jioni ile. "Ile masters, shahada ya pili, ya kuongoza mashirika. Mambo haya yana njia yake, na mimi siijui."

"Kusaidia watu nako kunasomewa?" Habimana aliuliza.

"Kunasomewa. Bajeti, utafiti, kuandika maombi ya fedha. Vinginevyo tutaendelea kufungiwa madarasa huku tunaangalia."

Shahada ya kwanza alikuwa nayo. Aliipatia hapa hapa, akisoma huku analea. Sasa alitafuta chuo chenye masomo ya jioni. Hakukiamini kirahisi. Alitazama kwenye orodha ya serikali kama kinatambulika, na kilikuwamo. Alipiga simu mara tatu. Mwishowe alipanda treni, akashuka karibu na Cedar-Riverside, akatembea kwa miguu mpaka akaliona jengo kwa macho yake. Jengo lilikuwepo, na wanafunzi walikuwa wakiingia na kutoka.

Basi, Jumamosi ya kwanza ya Januari alifungua fomu ya chuo kwenye kompyuta. Tarehe ya mwisho ilikuwa katikati ya Februari. Jina, anwani, matokeo ya shahada ya kwanza, yote alijaza. Kisha akafika mahali pa barua za sifa. Chuo kilitaka watu wawili wanaomjua waandike barua juu yake, kisha wazitume wenyewe moja kwa moja chuoni. Chini yake palikuwa na kisanduku cha kutia alama, na maneno haya: Ninaacha haki yangu ya kuisoma barua hii.

Uwamariya aliyasoma mara tatu, kama kawaida yake. Kisha akamwita Habimana.

"Hebu soma hapa. Mtu anaandika juu yangu, anapeleka kwa siri, halafu mimi nasaini kwamba sitaisoma milele."

Habimana akasoma. "Na nani ataandika?"

"Nahashon. Ndiye mkurugenzi."

"Huyo? Huyo hataki uondoke. Atakuwekea kauzibe, na hutajua kamwe."

Wasomaji, msiwacheke hawa wawili. Kule kambini, dosiye, yaani faili, ya familia ya Uwamariya ilisimama miaka minne. Mtu alikuwa ameandika jambo juu ya baba yake. Ni nani? Jambo gani? Hawakuambiwa. Kila Jumatatu yule baba alikwenda kuuliza, na kila Jumatatu aliambiwa angoje. Alifariki akingoja. Ndiyo maana Uwamariya aliiogopa barua ya siri kuliko baridi ya Januari.

Akaifunga kompyuta bila kutia alama.

Wiki iliyofuata alianza kumchunguza Nahashon. Huyu alikuwa Mkenya mpole, mwenye miwani, aliyejiunga na shirika miezi minane iliyopita. Jumanne, akiwa amedokezwa habari za masomo, alimuuliza Uwamariya, "Hiyo shule inaanza lini hasa?" Uwamariya akajiuliza anataka kujua ya nini. Jumatano Nahashon alikuwa akizungumza kwenye simu, akamwona anapita, akafunga mlango. Alhamisi alimsalimia kwa tabasamu, na tabasamu nalo likamtia wasiwasi. Ijumaa Uwamariya akaanza kufunga droo yake kwa ufunguo, na ndani yake hamkuwa na kitu ila majani ya chai.

Jumamosi alikuja Peris, jirani wa ghorofa ya juu, kurudisha sufuria. Peris alikuwa muuguzi kutoka Kenya. Alikuwa na masters ya uongozi wa huduma za afya, na aliongoza zahanati ya shirika moja lisilo la faida. Alimtazama mwenzake usoni.

"Mama Pacifique, una nini? Umekonda ghafla."

Uwamariya akamweleza yote: kisanduku, Nahashon, simu, mlango. Peris akavuta kiti, akaketi.

"Mimi niliandikiwa barua tatu," alisema. "Sijasoma hata moja mpaka leo."

"Na ulilala usingizi?"

"Nililala, kwa sababu nilifanya kazi yangu mapema. Ebu nikuelezee polepole. Kwanza, hiyo ni haki yako kweli. Sheria ya hapa inasema ukishakuwa mwanafunzi wa chuo hicho, unaweza kuomba kusoma barua hizo, kama hukuiacha haki yako. Wakikukataa huwi mwanafunzi wao, kwa hivyo hapo sheria hiyo haikusaidii. Na chuo hakiruhusiwi kukulazimisha uiache."

"Basi siiachi."

"Sawa, si kosa. Lakini jua kinachofuata. Wale wa chuoni wakiona barua ambayo utaisoma, wengine watajiuliza kama mwandishi alikuwa huru kusema ukweli. Barua inaweza kupungua uzito. Na waandishi wengine hukataa kabisa."

Uwamariya akauliza lile lililokuwa likimchoma. "Dada Peris, hiyo barua haiendi uhamiaji?"

Peris hakucheka. "Haiendi. Inasomwa na watu wachache wa chuo, wanaotaka kujua kama utaweza masomo. Hii si dosiye ya ukimbizi, Mama Pacifique. Pale kambini hukumchagua aliyeandika. Hapa unamchagua wewe."

"Nitamchaguaje mtu nisiyejua moyo wake?"

"Unamuuliza. Uso kwa uso. Usiseme, unaweza kuniandikia barua? Barua anaweza kuandika yeyote. Sema hivi: unaweza kuniandikia barua nzuri, yenye nguvu? Halafu nyamaza, umtazame."

"Akisitasita?"

"Unamshukuru, unatafuta mwingine. Hakuna ugomvi. Akikubali, unampa tarehe ya mwisho, maelezo yako ya kazi, na karatasi ya mambo uliyoyafanya akiona. Na unampa mwezi mzima. Mtu akiharakishwa huandika maneno ya juu juu."

Habimana alikuwa amesimama mlangoni muda wote, mikono kifuani. "Na akikubali kwa mdomo, kisha aandike vibaya?"

"Shemeji," Peris alisema, "mtu mbaya yupo kila mahali. Lakini wengi, ukiwauliza hivyo, watakwambia. Kukataa ni rahisi kuliko kukaa chini na kuandika ubaya wa mtu kurasa mbili."

Habimana alikwenda kuangalia kama mlango umefungwa.

Jumatatu asubuhi Uwamariya aligonga mlango wa Nahashon. Akaketi, akauliza kama alivyofundishwa, neno kwa neno. Kisha akanyamaza, akamtazama.

Nahashon alivua miwani, akaifuta taratibu.

"Barua naweza," alisema. "Yenye nguvu, hapana."

Uwamariya akajisemea, Habimana alijua. Alitaka kuinuka, lakini Nahashon akaendelea.

"Sikiliza, mama. Mimi nina miezi minane tu hapa. Nakuona kwenye mikutano, na kwenye mikutano husemi kitu. Nitaandika nini? Kwamba unawahi kazini na una heshima? Hiyo ni barua ya kumsindikiza mtu mlangoni. Itakuangusha, na sitaki kukuangusha. Nani amekuona ukifanya kazi yenyewe, na hao akina mama?"

"Joan," Uwamariya alisema kwa sauti ndogo.

"Kamwambie Joan. Na kwenye mikutano, tafadhali, sema. Nimekuwa nikingoja."

Alitoka pale ameumia, hilo lisifichwe. Lakini ilipofika saa sita alitambua jambo la ajabu. Mtu ambaye angetaka kumharibia angesema ndiyo. Angesema ndiyo haraka, kwa tabasamu. Huyu alimwambia hapana usoni, na akamwonyesha pa kwenda. Ile simu ya Jumatano ilikuwa ya nani, Uwamariya hakuwahi kujua, na aliona haimhusu. Droo akaiacha wazi.

Alikutana na Joan katika mkahawa wa Cedar-Riverside, wakanywa chai na sambusa. Uwamariya aliuliza swali lake, akataja na karatasi atakazompa. Joan hakufuta miwani wala hakutazama dirishani.

"Yenye nguvu?" alisema. "Wewe niletee hizo karatasi kesho. Unakumbuka siku umeme ulipokatika na ukafundisha ukiwa umevaa koti? Hiyo ndiyo nitaanza nayo."

Barua ya pili aliiomba kwa mwalimu wake wa shahada ya kwanza. Naye alikubali bila kusita.

Jumamosi ile alifungua tena fomu. Habimana alisimama nyuma ya kiti.

"Una hakika?" aliuliza.

"Sina hakika ya kitakachoandikwa. Nina hakika ya Joan."

Akatia alama kwenye kisanduku. Habimana alishusha pumzi, akaenda kuweka maji ya chai jikoni.

Aprili, chuo kilimkubali. Kwa miaka miwili alisoma jioni tatu kwa wiki, na Habimana alibadilisha zamu ili apike. Ugali wake ulikuwa na madonge, lakini ulilika. Uwamariya alijifunza kupanga bajeti na kuandika maombi kwa wafadhili. Alijifunza kuuliza maswali siku ya kwanza ya mradi, si siku ya mwisho, ili mabadiliko yaonekane. Na alijifunza kitu ambacho hakukitarajia kukikuta chuoni: kwamba wanaosaidiwa wanapaswa kuulizwa, na kujua kinachoandikwa juu yao. Siku ya somo hilo alizungumza darasani dakika kumi bila kuitwa. Mwalimu alimwacha aseme.

Alipomaliza, shirika lilimpa kazi ya mratibu. Darasa la akina mama likafunguliwa tena, safari hii kukiwa na takwimu tangu siku ya kwanza, na wafadhili wakaridhika. Kisha Uwamariya alimpelekea Nahashon pendekezo: kila familia isomewe faili lake, kwa lugha yake, kabla halijafungwa.

"Itachukua muda," Nahashon alisema.

"Dakika kumi na tano kwa kila familia. Nimepima."

"Na wakisema tumekosea?"

"Tutasahihisha. Mimi niliacha kuisoma barua kwa sababu nilimchagua aliyeiandika. Hawa hawakutuchagua sisi."

Nahashon akakubali.

Mtu wa kwanza alikuwa bibi mmoja kutoka mashariki ya Congo, aitwaye Nyiraneza, aliyefika na wanawe wiki mbili kabla. Aliketi wima kwenye ukingo wa kiti, mkoba mapajani, kama mtu anayengoja kufukuzwa. Uwamariya alipomwambia kwamba atasomewa, alikunja uso.

"Mnataka nisaini nini?" aliuliza.

"Hakuna kusaini, mama. Sikiliza tu. Palipo na kosa uniambie."

Akaanza kusoma polepole. Jina. Mwaka wa kuzaliwa. Mahali alipotoka. Dawa anazotumia. Bibi alisikiliza huku amemkazia macho, akitafuta mtego ulipo. Uwamariya alimjua mtazamo huo. Ulikuwa wake mwenyewe. Akafika kwenye familia, akasoma: "Watoto watano."

Nyiraneza aliinua kidole. "Hapo si kweli. Nilizaa sita."

"Wa sita yuko wapi, mama?"

"Alibaki njiani. Tulimzika kabla hatujafika kambini. Niliwaambia waandishi wa kule. Wakasema wanahesabu wanaosafiri tu."

Uwamariya alishika kalamu. "Aliitwa nani?"

"Emérance. Alikuwa na miaka minne."

Uwamariya akaandika jina, akaandika na miaka, kisha akageuza karatasi ili bibi aone. Nyiraneza hakujua kusoma, lakini aliweka kidole juu ya wino akakiacha pale. Mkoba ulikuwa umeteleza sakafuni, na hakuuokota.

"Sasa soma tena," alisema.

Uwamariya akasoma tena tangu mwanzo, majina yote sita.