Ungo wa Ukingo Mwekundu

Ndugu zangu, sogeeni karibu. Shule niliishia darasa la tatu, lakini haya yalinipata mwenyewe, wala sikuhadithiwa.

Kijijini kwetu, upande wa Dedza, Malawi, mavuno yalikuwa yamekwisha. Mimi na Falesi, mjane mwenzangu, tulikuwa uani kwake tukipukuchua maharage na kuchekana.

"Jino lako hilo moja litabaki kwenye ugali wa nsima," nikamwambia.

"Bora langu, Egrita. Lako limekukimbia!"

Kicheko hakijaisha, akaingia Zondani, mtoto wa marehemu dada yake Falesi, na wenzake watatu. Mkononi alishika ungo.

"Mama mkubwa, tumeuokota nyuma ya nyumba yako. Ndege yako hii! Ndiyo uliyompakia mwanangu?"

Mtoto wake alikuwa amezikwa juma lililopita. Na kwetu, ukiambiwa unaruka na ungo, umekwisha. Falesi angefukuzwa, na shamba lake la bondeni lingebaki kwa Zondani.

Mimi niliutazama ule ungo nikautambua. Ukingo wake niliufunga mwenyewe kwa kitambaa chekundu. Nilikuwa nimemwazimisha mke wa Zondani wakati wa mavuno.

Siri hiyo nilimpelekea Tiyamike, binti wa jirani. Alikuwa ametoka Lilongwe kwenye mafunzo ya siku sita ya watetezi wa haki za binadamu. Aliandika kila neno, macho yakimng'aa.

Zondani alipolifikisha jambo hilo barazani, Tiyamike akasimama mbele ya chifu akasoma mikataba ya mataifa, kifungu kwa kifungu, mpaka wazee wakapiga miayo. Kisha akapaza sauti: "Na ushahidi ninao! Bibi Egrita ameutambua ungo, ni wake!"

Mniambie, ndugu zangu, alitaka nijifiche wapi?

"Kumbe!" Zondani akaruka. "Basi wachawi ni wawili!"

Watu wakazomea. Chifu akatupa mpaka Jumamosi tuhame sote wawili. Kabla jua halijatua, mawe yalikuwa yakilia juu ya bati langu.

Tiyamike akaja akapiga magoti. "Bibi, nimekosa. Tulifundishwa kumwomba shahidi ruhusa kwanza, na kumlinda. Nilitaka kusikika."

"Umesikika, mwanangu, hata mawe yamekusikia. Haya, inuka uanze tena, safari hii kama mwalimu wako alivyokufundisha."

Akaanza tena. Kwanza alituhamishia nyumba ya kanisa. Kisha akaenda kwa chifu peke yake, akaketi mkekani, akapiga makofi ya heshima, akamweleza polepole: sheria ya nchi yetu inasema kumwita mtu mchawi ni kosa, na nchi za Afrika zina mkataba unaokataza kuwasingizia wazee uchawi. Chifu akauliza, "Hata mimi naweza kushtakiwa?" Akajibiwa, "Hata wewe, baba. Ndiyo maana nimekuja kabla ya polisi."

Akarudi kwangu. "Bibi, unakubali kusema mwenyewe, polisi wakiwepo? Ukikataa, nitatafuta njia nyingine."

"Nakubali," nikasema. Raha ya kuulizwa!

Ijumaa nilisimama barazani nikausimulia ungo wangu. Nilipoketi, mke wa Zondani akainuka akilia.

"Bibi anasema kweli. Mume wangu aliutoa jikoni kwangu. Mtoto wetu ameuawa na malaria, kadi ya zahanati hii hapa. Yeye analitaka shamba la mama yake mkubwa."

Zondani akaondoka na polisi. Chifu akafuta amri ya kutuhamisha, akatuomba radhi mbele ya watu wote.

Falesi akanirudishia ungo wangu. "Haya, rubani, lete maharage tupepete."

Mafunzo

Uzee si uchawi. Anayemsingizia mzee, mchunguzeni anataka nini. Na ninyi vijana mnaosomea kutetea watu, someni kwa bidii, maana elimu hiyo ndiyo iliyotuokoa. Lakini kabla hujafungua kinywa kwa ajili ya mtu, muulize yeye kwanza.