Pikipiki Kubwa ya Baba Febronia

Kila siku baada ya shule, Febronia alichota maji, akawasha moto, kisha akamsubiri baba yake. Mzee Marselino alikuwa bwana shamba wa pamba pale Masumbwe, na miaka yote alirudi kwa baiskeli. Jioni moja alirudi akikokota pikipiki.

"Ofisi imeleta mbili," alisema kwa furaha. "Ndogo nimemwachia mwenzangu Nkwabi. Mimi nimechukua yenye nguvu."

"Baba Febronia, umeendesha pikipiki lini wewe?" mama aliuliza.

"Kwani ina nini? Ni baiskeli yenye injini."

Kesho yake, mama akiwa shambani, baba alijifunza nyuma ya nyumba. Alipoachia klachi, pikipiki iliruka kama ndama aliyekata kamba, ikaingia kwenye mihogo na kumlalia mguu. Febronia alikimbia kumsaidia. Ilikuwa nzito mno. Waliiinua, ikawashinda, wakaiinua tena hadi ikasimama.

"Mama yako asijue," baba alisema akijipangusa damu kwenye kiwiko. "Umenisikia?"

"Ndiyo, baba."

Jumamosi, mdogo wake Tarsisi alitakiwa kupelekwa Ushirombo kuchanjwa. Mama alimfunga mgongoni kwa khanga. Baba alikuwa tayari, injini ikinguruma. Febronia alikumbuka onyo la baba. Kumuumbua baba ni utovu wa adabu. Lakini mama alipoinua mguu apande, maneno yalimtoka yenyewe.

"Mama, usipande! Baba alianguka nayo juzi. Haiwezi!"

"Mtoto gani huyu asiye na adabu!" baba alifoka.

Mama alirudi nyuma, mkono wake ukishika miguu ya mtoto. Baba akaondoka peke yake kwa hasira.

Hakufika mbali. Kwenye mchanga wa mtoni gurudumu la mbele liliyumba, na kwa woga akavuta mafuta badala ya breki. Wakulima walimkuta chini ya pikipiki, mguu umevunjika. Kiti cha nyuma kilikuwa kimepondeka juu ya mwamba.

Siku zote baba alizolazwa hospitalini, Febronia alikula kwa shida. Aliamini amemletea mzazi wake laana. Nkwabi alikwenda kumjulia hali mgonjwa, akamwahidi kwamba akipona atamfundisha kwa ile ndogo, uwanjani. Ile kubwa ilirudishwa ofisini.

Baba aliporudi nyumbani, mguu ukiwa kwenye plasta, alimwita binti yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa hapa." Aliutazama mguu wake. "Nilijua siiwezi. Niliogopa kuchekwa nikichagua ndogo. Nikataka na wewe ufiche."

Febronia aliinamisha kichwa, machozi yakimdondoka.

"Usilie, mwanangu. Ungenyamaza, leo tungekuwa matangani. Anayeanza huchagua chombo anachokimudu, si kile kitakachowashangaza watu. Na mkubwa akikuambia ufiche jambo la hatari, sema, hata kama mkubwa huyo ni mimi."