Ramani Iliyoshonwa Mara Mbili

Upepo wa Dodoma hauna adabu. Asubuhi ile uliingia nyumbani kwa Anyesi bila hodi, ukamwaga vumbi kwenye cherehani na kwenye chai ya mumewe. Anyesi akafunga dirisha, akafuta cherehani, akaendelea kushona sketi za shule. Bartolomayo akainywa chai yake hivyo hivyo.

Anyesi alikuwa fundi cherehani pale Ipagala. Bartolomayo alikuwa fundi bomba kwa kazi, na mbishi kwa kipaji. Binti yao, Frida, alikuwa darasa la sita. Frida haoni tangu kuzaliwa. Alikuwa akisoma bweni Buigiri, shule ya watoto wasioona, na likizo ile alirudi na habari.

"Nimechaguliwa kwenye shindano la jiografia la mkoa," alisema. "Lakini kuna sharti. Watoto wasioona hawaulizwi ramani. Tunayaruka maswali hayo."

"Wamekuonea huruma," alisema Bartolomayo. "Shukuru."

"Sitaki huruma, Baba. Mwalimu ameomba nijaribiwe, wamekubali mara hii moja. Nikishindwa, sharti linabaki. Wadogo zangu shuleni watarukishwa miaka yote."

Anyesi akaacha kukanyaga cherehani. Maneno yale yalimchoma. Tangu mtoto azaliwe, watu walikuwa wakimwondolea mambo njiani kwa upole, hata yale aliyoyataka.

"Utaijua ramani," alisema. "Nitakushonea."

Ukutani kwao kulikuwa na ramani ya Afrika. Baba yake Bartolomayo alifanya kazi Kongwa, enzi zile Waingereza walipotaka kugeuza pori kuwa shamba la karanga. Mradi ulipokufa, mzee aliondoka na ramani ile. Bartolomayo aliiheshimu kama picha ya ndoa.

Anyesi akatandaza kitambaa kizito cha turubai. Akachora Afrika kwa chaki, akifuata ramani ya ukutani. Kila mpaka akaushonea kamba nyembamba ya katani. Mito akaiweka kwa uzi wa sufu, na miji mikuu kwa vifungo. Alishona kwa mashine, mshono mfupi uliokaza, kwa sababu yeye hakuwa fundi wa kazi za kubahatisha. Alipomaliza mgongo ulikuwa ukimlilia.

"Haya, mwanangu. Gusa Afrika."

Frida akaweka vidole vyote kumi. Akatabasamu. Akaipata Tanzania, akaizunguka polepole. Kisha tabasamu likaondoka.

"Mama, tuna majirani wangapi?"

"Si wewe ndiye mwanafunzi?"

"Tulifundishwa nane. Hapa nahesabu sita. Rwanda iko wapi? Burundi iko wapi?"

Anyesi akaitazama ramani ya ukutani. Kweli, kutoka mpaka wetu hadi Kongo palikuwa na rangi moja tu.

"Na huku magharibi," Frida aliendelea, "kidole kinatembea hadi kinachoka, sikuti mpaka. Mali imekwenda wapi?"

"Mwalimu wenu kakosea," alisema Bartolomayo. "Ramani hii ilichorwa na Wazungu wenyewe. Mpaka si mbuzi, hauhami."

Anyesi akakunja ncha ya turubai. Alitamani kulia. Usiku na mchana wa kazi, na mtoto angekwenda kuaibika mbele ya watu kwa mkono wa mama yake.

Nyumba ya pili alipanga Anyitike, kijana wa Kyela, mpima ardhi serikalini. Kazi yake ilikuwa kwenda mipakani kukagua nguzo zinazotenganisha nchi na nchi. Anyesi akamwita.

"Mbukwenyi," kijana alisalimia mlangoni. Ni salamu ya Wagogo, na aliitamka vibaya kama siku zote. "Shikamoo, Baba Frida."

"Marahaba. Njoo umwambie mke wangu kwamba mpaka hauhami."

Anyitike akaisogelea ramani ya ukutani. Akacheka kwa raha.

"Mzee, hii ni mali. Itunze. Lakini ni ya mwaka arobaini na nane. Inasema kweli ya siku zake, siyo ya leo. Ramani ni kama picha ya mtoto. Ukitaka kumtambua mtu mzima kwa picha ya utotoni, utampita barabarani."

"Sasa mipaka inahamaje?" aliuliza Anyesi. "Nani anaibeba?"

"Wenye nguvu, mara nyingi. Mwaka 1884 na 1885 wakubwa wa Ulaya walikutana Berlin, wakaweka taratibu za kugawana Afrika. Mwafrika hakualikwa. Baadaye wakavuta mistari wao kwa wao. Ndiyo maana kuna mipaka iliyonyooka. Mtu aliweka rula mezani, hakuwa na habari kwamba mstari unakata malisho ya watu."

"Wetu na Kenya umenyooka," alisema Frida, "halafu unapinda hapa."

"Hapo najua," alidakia Bartolomayo. "Malkia wa Uingereza alimpa mjukuu wake, mfalme wa Wajerumani, Kilimanjaro, zawadi ya kuzaliwa."

"Hadithi tamu hiyo, mzee, nami nilidanganywa nayo. Ila mstari ule ulikubaliwa mwaka 1886, na mjukuu mwenyewe alikuwa hajawa mfalme. Serikali mbili zilikuwa zinapimana ubavu. Waingereza wakabaki na Mombasa, Wajerumani wakabaki na mlima. Ilikuwa biashara, si keki."

Frida akacheka. Bartolomayo akakohoa, akajifanya anatafuta kofia.

"Na Rwanda na Burundi?" Anyesi hakutaka kupotezwa.

"Zilikuwa pamoja nasi chini ya Mjerumani. Aliposhindwa Vita ya Kwanza ya Dunia, washindi wakagawana. Tanganyika kwa Mwingereza, Rwanda na Burundi kwa Mbelgiji. Mbelgiji akazitawala pamoja na Kongo, ndiyo maana hapa rangi ni moja. Mwaka 1962 zikapata uhuru, kila moja na lake. Eneo hili kubwa la magharibi lilikuwa la Mfaransa. Likazaa Mali, Niger, Senegal na wenzao."

"Kwa hiyo baada ya uhuru kila mtu alijikatia?"

"Hapana, Mama Frida. Viongozi wa Afrika waliogopa vita. Mwaka 1964, Cairo, wakakubaliana kila nchi iheshimu mipaka iliyoikuta siku ya uhuru. Hata hivyo mingine imebadilika. Eritrea ilipigana miaka mingi, kisha watu wakapiga kura, mwaka 1993 ikawa nchi. Sudan Kusini vivyo hivyo, mwaka 2011. Nigeria na Kameruni ziligombea rasi ya Bakasi, zikaamuliwa mahakamani."

Akaweka kidole kusini mwa ramani. "Na kwetu Kyela mpaka ni mto Songwe. Mafuriko yakija mto unahama. Mtu analala Tanzania, anaamka ng'ambo ya maji, majirani wa Malawi ndio walio karibu. Ndipo serikali mbili zinakaa na kukubaliana. Mzee, mpaka ni mapatano ya watu. Mapatano yakibadilika, nao unabadilika."

Bartolomayo akaitazama ramani ya baba yake kwa muda. "Basi na iandikwe mwaka wake," alisema taratibu. Kwa mbishi kama yule, hilo lilikuwa tangazo la kushindwa.

Anyesi alikuwa ameshashika wembe. Kufumua kazi yako mwenyewe ni uchungu, muulize fundi yeyote. Lakini kila mshono uliokatika ulimpa wazo.

"Nilikosea kukaza," alisema. "Vazi ambalo halijapimwa mwilini hupigwa bandi. Mshono mrefu, wa kushikiza tu. Ukivuta, unatoka. Nikiipiga bandi mipaka yote, Frida ataweza kuifumua na kuirudisha mwenyewe. Ataijua inavyohama."

Anyitike akaleta ramani mpya kutoka ofisini. Mama akashona, baba akasoma majina kwa sauti, binti akafumua na kurudisha. Bartolomayo alisoma "Burkina Faso" mara nyingi hadi akaipenda.

Siku ya shindano ukumbi ulijaa. Mwamuzi mkuu alikuwa Bi Generosa, mwanamke wa miwani na maneno machache. Zamu ya Frida ilipofika, alitandaza turubai mezani. Minong'ono ikapita. Anyesi, kiti cha nyuma, akanyoosha shingo aone.

"Frida Bartolomayo," alisema Bi Generosa, "tueleze Tanzania ilipataje umbo lake la leo."

Lilikuwa swali la ramani hasa. Frida akavuta uzi mmoja, kamba inayotutenga na Rwanda na Burundi ikaachia.

"Hii ni nchi ya Mjerumani kabla ya vita. Ni kubwa kuliko yetu." Akarudisha kamba kwa sindano, vidole vikienda bila haraka. "Vita imekwisha. Rwanda na Burundi zinatoka. Hapa kusini, Kionga, kipande kidogo anapewa Mreno. Kinachobaki kinaitwa Tanganyika." Akashika kifungo baharini, akavuta uzi kukiunganisha na bara. "Mwaka 1964 Zanzibar na Tanganyika zinaungana. Hapa hapakuwa na mkoloni mezani. Ndiyo Tanzania."

Bi Generosa akavua miwani.

"Swali la nyongeza. Kwa nini nchi zisichore mipaka upya, kila mtu aridhike?"

Hilo hakuna aliyemfundisha. Frida akapapasa turubai, akatulia kwenye kamba moja.

"Kwa sababu kila kamba ina watu pande zote mbili," alisema. "Ukiivuta bila kuwauliza, unachana kitambaa. Ndiyo maana walipiga kura, wakaenda mahakamani, wakakaa kuzungumza. Inachukua muda, lakini nchi haichaniki."

Anyesi hakukumbuka kusimama. Alijikuta amesimama, na vigelegele vilivyoujaza ukumbi vilikuwa vyake. Bartolomayo alikuwa akimwambia kila jirani wa kiti, "Wangu huyo. Wangu."

Frida akatangazwa wa kwanza wa mkoa. Kombe alilikabidhi kwa mama yake, akamshika mkono, naye Anyesi akalia bila kuficha.

Tangazo la mwaka uliofuata lilipotoka, sharti lile halikuwemo. Cherehani ya Anyesi haikupumzika miezi ile. Siku ya shindano, watoto wa Buigiri waliingia ukumbini mstari mmoja, ramani zao zimekunjwa kwapani. Na walipozitandaza, watoto wanaoona waliacha viti vyao, wakasogea mezani, wakaomba na wao waguse.