Mbambu na Daraja la Mchezo

Kila Jumamosi, msichana Mbambu akishaosha vyombo na kufagia mbele ya duka, kazi yake ilikuwa kulinda simu. Baba yake, Papa Katembo, alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo aliyeuza sabuni, chumvi na vipuri vya pikipiki hapa Mubi. Mji haukuwa na umeme, kwa hiyo asubuhi aliwasha jenereta, na watu wakamletea simu zao kuchaji. Zilipangwa kwenye meza ya ndani kama samaki sokoni, kila moja na waya wake.

Kazi rahisi, utasema. Ingekuwa rahisi kweli, kama si ile mashine ya michezo.

Kaka yake Maurice, dereva wa lori, alikuwa ameileta kutoka Goma. Ilikuwa mashine ndogo ya kizamani, kioo kimekwaruzika, na ndani yake mlikuwa na sehemu ya pili ya mchezo wa wafalme na wachawi. Sehemu ya kwanza Mbambu aliimaliza kwa mbwembwe. Hii ya pili ilimtoa jasho. Uwanja wa vita ulikuwa na miraba kama ubao wa dama. Unasogeza watu wako mmoja mmoja, kisha adui naye anasogeza wake. Askari wako akifa, harudi tena. Tena katikati ya pambano huwezi kuhifadhi ulipofika. Mashine ikizimika, unaanza upya.

Wiki nzima Mbambu alikuwa amekwama kwenye daraja. Akimtanguliza mpanda farasi, wapiga mishale wanammaliza. Akimtanguliza mchawi, ndiyo mbaya zaidi. Alinuna nyumbani, akanuna darasani, akamfokea hata mdogo wake aliyeomba kutazama tu.

Jumamosi hiyo Papa Katembo alitoka kwenda kupokea mzigo. "Mbambu, angalia telefone za batu. Ile ya Mama Isimbi usiiguse. Leo bwana yake atamuita."

Mama Isimbi alitoka katika familia ya wafugaji wa Masisi. Vita vilipopamba moto kule, alikimbilia Mubi na mtoto mchanga mgongoni. Mumewe, Théoneste, alibaki milimani na ng'ombe pamoja na binti yao Isimbi. Malishoni hakukuwa na mtandao, basi walikuwa na miadi yao: kila Jumamosi, kabla ya mchana, Théoneste hupanda mpaka kilele ambako mtandao unashika, akapiga, kisha akashuka. Hakuwahi kukosa hata mara moja.

"Ndiyo, Papa," Mbambu alijibu bila kuinua macho. Daraja lilikuwa limebaki mraba mmoja tu! Hapo ndipo taa nyekundu ya mashine ilipoanza kupepesa. Chaji ilikuwa inakwisha, na matundu yote ya umeme yalikuwa na wenyewe. Simu ya Mama Isimbi ndiyo iliyokuwa karibu. Dakika chache tu, alijiambia. Akaichomoa, akachomeka mashine yake.

Kumbe ng'ambo ya daraja kulikuwa na mtego. Maadui wapya waliibuka nyuma, wakamuua mganga wake, kisha mpanda farasi. Mbambu alipiga meza kwa ngumi. Akaanza upya, akashindwa tena. Alitamani kuitupa ile mashine barabarani.

"Mbambu, telefone yangu haiyalia?" Ilikuwa sauti ya Mama Isimbi. Alikuwa ameketi kwenye benchi nje, akimnyonyesha mtoto.

Mbambu aliitazama simu. Ilikuwa imezimika kabisa. Haraka haraka aliichomeka tena, asikumbuke kuiwasha.

"Haiyalia, Mama," akasema.

Alikuwa hajadanganya, alijiambia. Si ni kweli haijalia?

Mchana ukafika. Mama Isimbi aliinuka, akamfunga mtoto mgongoni, akamwita Guylain, mwendesha pikipiki. Papa Katembo alirudi na kumkuta akilia.

"Théoneste hakosake kuniita," Mama Isimbi alisema. "Balimufanya kitu. Guylain, unipeleke Masisi. Mutoto wangu Isimbi iko kule."

"Mama, ile njia iko na batu ba bunduki," Guylain alisema. Hata hivyo alikuwa tayari anawasha pikipiki, maana machozi ya yule mama yalimshinda.

Mbambu alimwona mtoto mgongoni, akaiona barabara. Aliogopa kuchapwa, lakini miguu ilimpeleka nje.

"Mama Isimbi, usiende! Si vita. Njo mimi nilikosa. Nilitosha telefone yako ku waya, nikasharji mashine yangu. Ikazimika."

Guylain alizima pikipiki. Papa Katembo aliingia ndani, akaiwasha ile simu waya wake ukiwa bado umechomekwa. Haukupita muda, ikalia. Mama Isimbi aliingia mbio, akaipokea.

"Wewe!" Théoneste alipiga kelele mpaka wote wakasikia. "Tangu asubuhi tuko hapa juu! Nilizani balikuua!" Kisha ikaja sauti ya msichana, ikicheka na kulia pamoja: "Mama! Ile ngombe ya madoa imezaa!"

Mama Isimbi aliketi sakafuni palepale, akacheka mpaka akashindwa kujibu. Alipomaliza kuzungumza alimwita Mbambu.

"Ulinitesa, binti yangu. Lakini usingesema, saa hii ningekuwa njiani na huyu mutoto."

Mbambu alilia kwa aibu, akaomba msamaha. Baba yake aliifunga mashine ya michezo kwa gazeti na kuiweka kwenye rafu ya juu.

"Mbambu," alisema polepole, "'haiyalia' ilikuwa kweli, lakini ulijificha nyuma yake. Ile nayo njo uongo. Na ujue hivi: muntu akikuachia telefone yake, hakuachii chuma tu. Anakuachia na batu bake, bale beko mule ndani."