Sauti Iliyosema "Mimi"

Simu ilitetemeka mfukoni, upande wa moyo.

"Kasuku, shuka mtini."

Ilikuwa sauti ya Mzee, mkuu wake wa kazi. Kasuku alijibana kwenye pembe ya korido, nyuma ya ukumbi wa mkutano wa dawa, alikojipenyeza kama mkalimani. Kwa lugha ya Idara ya Ujasusi, kushuka mtini maana yake acha kazi, nenda nyumbani, sahau.

"Mzee, yule Mgeni yumo humuhumu. Nimebakiza kumjua anayempokea."

"Nimesema shuka."

"Na mzigo?"

"Mzigo si wako."

Simu ikakatwa.

Si wake! Wakubwa ndivyo walivyo. Mwiba ukiwachoma wengine, kwao ni ukuni. Mzigo wenyewe ulikuwa lori zima la dawa ya kisukari, na ndani ya zile chupa hamna dawa, ni maji ya chumvi. Mzigo kama huo ulipita mwaka juzi, ukamchukua mke wa Kasuku. Idara ilileta shada la maua. Faili likafungwa kabla maua hayajanyauka.

Sasa binti yake, aliyerithi ugonjwa wa mama, alikuwa amelazwa hospitali kuu, wodi namba saba. Na lori jipya lilikuwa linashusha pale pale.

Asubuhi alimpigia. "Binti, wakikuletea sindano, kataa."

"Nikatae vipi, Baba? Nesi amesema sukari imepanda, nisipochomwa leo nitazimia." Kisha, kama mtoto anayeogopa giza, akabadili habari. "Hebu niambie. Mimi nina lugha nne. Nikimaliza shule nisomee kazi gani?"

Baba alisema atamjibu jioni.

Kazi! Enzi zake, bwana mmoja mwenye tai alimwambia mwenye lugha nyingi hafi njaa. Akazijaribu zote. Alitembeza watalii mpaka soli zikaisha. Alikaa mapokezi hotelini akitabasamu hadi mashavu yakamuuma. Alifasiri maelezo ya mashine za kufulia. Alifundisha watoto wa matajiri, alifanya ukalimani mahakamani. Kazi moja tu haikutajwa na bwana wa tai, nayo haitangazwi gazetini. Ndiyo iliyomwoa.

Hashuki mtu leo.

"Wewe! Mkalimani!" Jitu moja lenye shingo ya fahali lilikuwa limesimama mlangoni, koti limetuna kwapani. Bastola ya Glock hiyo. "Mkurugenzi anakuita. Ana mazungumzo na mgeni wake."

Mkurugenzi? Yule mkuu wa dawa nchi nzima, aliyefungua mkutano kwa sala?

Kasuku akanyoosha kola. Chini ya kola ilibanwa maiki ya Sennheiser, ndogo kama njugu, waliyopewa wakalimani kwa ajili ya kuzungusha wageni kwenye maonyesho. Akaibonyeza, kila neno likaanza kufika kwenye kibanda cha wakalimani. Sikioni ikaingia sauti ya Shangazi, mkalimani mwenzake, aliyebaki kibandani akiwasemea matroni na wafamasia waliojaa ukumbini na hedifoni zao.

"Shangazi," alinong'ona, "usiniache."

"Nikuache wapi, mwanangu? Sheria ya kibanda unaijua. Mwenzio akikwama, unadaka neno."

Chumba kilikuwa kidogo. Meza, chupa ya chai, viti vitatu, dirisha lisilofunguka. Juu ya meza kulikuwa na kinasa sauti cha Sony, na kidole kinene cha Mkurugenzi juu yake.

"Kaa, kijana. Lugha ya huyu bwana mimi siijui hata salamu. Wewe ndiye mdomo wangu."

Mgeni akaanza. Kasuku akafasiri kama kazi inavyotaka, kwa maana mkalimani hasemi "yeye amesema." Anavaa nafsi ya msemaji.

"Mimi nimeleta chupa zote," alisema Kasuku. "Mimi nimebadilisha lebo. Hakuna dawa ndani."

Kidole kilikuwa kimebonyeza kinasa sauti. Kasuku aliponyamaza, kikaachia.

Mgeni akanywa chai, akatupa mzaha. Eti mlinzi wa bandari aliiba chupa moja, akainywa yote, akaapa hajawahi kuonja dawa iliyokolea chumvi kama ile.

Mkurugenzi akacheka mpaka tumbo likagonga meza.

Kasuku alikuwa hajafungua mdomo.

Mtu asiyejua hata salamu amecheka mzaha kabla haujafasiriwa! Sasa mkalimani wa nini?

Akakiangalia kile kidole. Kilibonyeza Kasuku akisema, na kikaachia wengine wakisema.

Basi ndiyo hiyo. Hawakuita mdomo, waliita shingo ya kutia kitanzi. Kwenye mkanda ule kulikuwa na sauti moja tu iliyosema "mimi," nayo ilikuwa yake.

Mkurugenzi alimwona amegundua. Akatabasamu.

"Mzee wako aliniambia utashuka. Nikamwambia kasuku hashuki mpaka aimbe. Jasusi aliyefiwa na mke, akapandwa na kichaa, akalipiza kwa kutia watu sumu. Nani hataamini? Endelea kufasiri. Ama nimtume kijana wangu wodi namba saba?"

Shingo ya Fahali akaingiza mkono kwapani.

Kasuku akafungua mdomo. Akakohoa. Akakohoa tena, akajishika koo, macho yakamtoka.

"Mkalimani... anaomba maji."

Wakampa. Akanywa. Akakohoa zaidi. Sauti haikutoka hata ya panya.

Mgeni alichoka kusubiri. Akamfokea Mkurugenzi kwa lugha ya kwao. Lori limeshusha? Chupa ziko kwa wagonjwa au bado?

"Tulia, ndugu yangu," akajibu Mkurugenzi, na lugha ile ilimtiririka kama maji ya bomba. "Lori limeshusha. Saini ni yangu, stoo ni yangu. Wanaanza kuchomwa mchana huu. Wakifa, sukari imewaua. Nani anapima chupa?"

Kasuku akajikunja kwa kikohozi, kola ikasogea karibu na Mkurugenzi.

Shangazi! Daka!

Kisha sauti ya Shangazi ikaja sikioni, imenyooka, ikipita kwenye kila hedifoni ya ukumbi. "Lori limeshusha. Saini ni yangu. Wanaanza kuchomwa mchana huu..." Akavuta pumzi, akavunja sheria aliyoilinda maisha yake yote. "Ndugu zangu, mimi siyo mimi! Anayesema ni Mkurugenzi! Pigeni simu wodini!"

Viti vikaanguka ukumbini kama mvua ya mawe.

Mkurugenzi akageukia kelele. Akaiona ile njugu kwenye kola.

"Mpige!"

Glock ikatoka.

Kasuku akaipiga teke meza. Chai ya moto ikamwagikia kifua cha Shingo ya Fahali. Risasi ikatoboa dari. Kiwiko kikakutana na koromeo, bastola ikabadili mikono.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Matroni kumi, ishirini, hedifoni shingoni, simu masikioni.

"Sindano chini!" alikuwa anapiga kelele mmoja mnene wa miwani, matroni wa hospitali kuu. "Usimchome mtu! Wodi namba saba, unanisikia? Saba!"

Kasuku alimtazama. Bastola ilikuwa thabiti.

"Wodi saba..." matroni akasikiliza, akafumba macho. "Ile ya lori ilikuwa imeshaingia kwenye bomba la sindano. Nesi ameitupa. Kuna dawa ya zamani kabatini, mgonjwa anachomwa hiyo."

Kasuku akawakabidhi matroni bastola, kinasa sauti, Mgeni na Mkurugenzi, ambaye sasa alikuwa anadai kwa lugha zote mbili kwamba hakuelewa neno.

Simu ikatetemeka.

"Kasuku! Umefanya nini? Uko wapi?" Mzee alikuwa anahema.

Kasuku akaitumbukiza simu kwenye glasi ya maji, akafunga kifungo cha koti, akatoka kwa mlango wa mbele, taratibu, kama mtu aliyemaliza zamu.

Wodini, binti alifumbua macho.

"Baba, hujanijibu. Nisomee kazi gani?"

Akamshika mkono. Ulikuwa na joto.

"Zipo nyingi, mwanangu. Chagua yoyote. Ila ukisema 'mimi,' hakikisha ni wewe."